Sega ya marehemu baba, au kijiti chenye gemu elfu kumi?

Jumapili usiku kijana mmoja wa Njiro, hapa Arusha, aliniandikia: "Kaka shikamoo. Nina Sega ya marehemu baba, ile mashine ya gemu ya zamani, imekaa juu ya kabati miaka mingi, haiwaki. Fundi anataka laki na ishirini. Kwa elfu sitini napata kile kijiti cha HDMI cha kuchomeka kwenye TV, chenye gemu elfu kumi na pedi mbili zisizo na waya. Nifanyeje?"

Nilianza kumjibu mistari miwili nikajikuta naandika mpaka saa saba usiku. Basi acha nijibu hapa, maana najua wengi wenu mna kamashine kenu juu ya kabati, na mnaiota ile kona ya sebuleni yenye TV ya chogo na kaseti zimepangwa. Mimi kona hiyo ninayo. Imenigharimu zaidi ya nilivyomwambia mke wangu, na kama unasoma hapa, mama watoto, tutaongea.

Nimekulia Majengo, Moshi. Miaka ya tisini, nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa na mashine ya kijivu tuliyoiita Nintendo. Ilikuwa Nintendo kwa jina tuliloipa sisi wenyewe, kumbe ni kopi. Kaseti yake ya njano ilijitangaza kuwa na gemu 9999. Ukizihesabu kwa makini hazikufika hata thelathini, zilizobaki ni zile zile, ila unaanzia hatua ya tano au mtu wako kabadilishwa rangi. Dakika kumi ni shilingi ishirini, na mwenye nyumba alikuwa na saa ya mkononi asiyoiamini hata yeye. Nilikuwa hodari. Sijisifu, waulizeni. Gemu ya Kontra naimaliza kwa roho tatu tu, bila ile mbinu ya kupewa thelathini, watu wamesimama mpaka dirishani.

Shule, chuo, kazi, kuhamia Arusha: hayo hayana hadithi.

Mwaka juzi binamu yangu anayeleta spea za magari kutoka Japani aliniletea zawadi katikati ya gia boksi: Famicom orijino, yaani Nintendo yenyewe ya Japani, nyekundu na nyeupe, ile iliyotoka mwaka 1983. Pedi zake mbili zimeungwa moja kwa moja na mashine, na ya pili ina kipaza sauti kidogo mahali ambapo ungetegemea kitufe cha kuanzia. Nilikaa nayo mapajani kama mtu aliyeshika mtoto mchanga. Adapta haikuja, na hata ingekuja isingefaa, kwa sababu umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ukutani ni 230.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Droo ilikuwa na adapta ya ruta ya zamani, volti 9. Mashine inataka volti 10, nikasema si mbali. Kichwa kikaingia vizuri. Nikawasha. Harufu kwanza, halafu moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu ya nyuma. (Ndiyo, mtu wa Moshi, cheka upesi tuendelee.) Famicom inataka hasi katikati ya plagi, chanya nje. Adapta ya ruta ni kinyume chake. Alama imechorwa kabisa, kaduara kenye mistari miwili, na mimi nina digrii.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini Arusha. Simtaji. Aliniambia wiki moja, ikawa wiki sita, elfu arobaini na tano ikaenda kwa awamu. Siku ya kuichukua niliifungua mwenyewe: alilehemu kwa pasi inayofaa kuziba sufuria, njia ya shaba imebanduka kwenye bodi kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa, na skrubu mbili hazikurudi. Nilipouliza akasema, "Bosi, hiki ni kidude cha watoto, nunua kipya." Mpaka leo nikipita pale navuka upande wa pili wa barabara.

Nikamtii. Nikanunua kopi, kaboksi kadogo kanakoiga sura ya zamani, gemu 620, HDMI. Watoto wakafurahi siku nne. Mimi nilikereka dakika ya kwanza, kwa sababu unabonyeza, jamaa anawaza, ndipo anaruka. Vitu vya aina hii vingi ni programu inayojifanya mashine, na TV ya kisasa nayo inaongeza ucheleweshaji wake. Hata ile bunduki ya kupigia bata haifanyi kazi kwenye kioo bapa, maana inategemea namna TV ya chogo inavyochora picha mstari kwa mstari. Wiki ya tatu pedi moja ikaanza kwenda kushoto yenyewe. Nikaiweka juu ya kabati.

Mama ndiye aliyenikumbusha. "Yule mzee wa redio bado yupo." Nikapanda Coaster mpaka Moshi. Mzee akavaa miwani, akaifungua Famicom, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Mwanangu, nani aliipika hii?"

Kazi yake ilichukua alasiri moja. Regyuleta aina ya 7805, kadude ka miguu mitatu kanakoshusha umeme mpaka volti 5, ilikuwa imekufa. Akaweka nyingine. Akabadilisha kapasita tatu zilizovimba, akaruka ile njia iliyobanduka kwa kawaya kembamba kuliko unywele wa paka. Kisha tatizo la picha. Mashine hii hurusha picha kwa chaneli 1 au 2 za Japani, na masafa hayo kwetu ndiyo ya redio FM, kwa hiyo TV ya hapa inaweza kuitafuta mpaka kesho. Akatoa picha moja kwa moja kwenye chipu kupitia transista moja, akaweka tundu za AV, zile za waya wa picha na sauti. Elfu kumi na nane. Nilitaka kumbusu mkono.

TV yake ya inchi 14 ni ya mfumo mchanganyiko, inapokea picha za kwetu na za Japani. Ingekuwa ya PAL tupu, mfumo wa TV za kwetu, rangi zisingetoka. Tukachomeka Kontra. Muziki ukaanza, na moyo wangu ukashuka.

Haikuwa yenyewe. Ilikuwa inakimbia. Muziki umeshikwa na haraka, maadui wanakuja kama wamechelewa basi, na mimi, bingwa wa Majengo, nikafa hatua ya kwanza mbele ya mzee mwenye miaka sabini na kitu. Nilidhani kakosea kitu. Nimekuja kusoma baadaye: TV za Japani huchora picha mara 60 kwa sekunde, za kwetu mara 50, na kopi zilizouzwa huku zilitengenezwa kwa 50. Gemu nyingi hupimia muda wake kwa picha. Kwa hiyo tulichocheza utotoni kilikuwa polepole kwa moja ya sita. Kopi nyingi za wakati ule hata sauti zilikosea kidogo, zikatoa mlio wa pua. Ule mlio wa pua ndio niliokuwa nautafuta miaka yote, nikautumia fedha za orijino.

Sasa kijana wangu wa Njiro. Adapta kwanza. Sega yako kama ni ile kubwa ya kwanza, Mega Drive, inataka volti 9, hasi katikati. Kama ni ndogo ya pili, volti 10, chanya katikati. Usiazime ya ruta. Narudia, usiazime ya ruta. Safisha meno ya kaseti kwa pamba na spiriti kabla hujampa mtu hata senti. Isipowaka, fundi aweke mita mbele yako na akuonyeshe kama zinatoka volti 5; ile kubwa ya kwanza ina regyuleta mbili, na zote pamoja hazizidi bei ya chai na chapati. Laki na ishirini anakuuzia nini? Asiyetaka kupima mbele yako, beba mashine yako uondoke. Na adapta, tafadhali, adapta.

Ukitaka gemu tu za kupoteza jioni, kijiti cha HDMI kinatosha wala si dhambi. Wenye dola wana njia ya tatu, mashine kama Mega Sg ya mwaka 2019, inayoiga saketi yenyewe badala ya kuigiza kwa programu. Lakini umeandika neno "marehemu baba" kabla ya kuandika neno "haiwaki". Vijana wa leo mnaulizia bei ya kitu mnachokwisha kukichagua, mnataka mtu mzima awape ruhusa. Haya, nimekupa. Jumamosi naenda Moshi, niletee.

Mimi niliporudi kwa mzee, nilimsimulia habari ya 50 na 60. Akainama chini ya meza, akatoa mashine ya kijivu imejaa vumbi, mtu aliiacha kutengenezwa hakurudi. Ndani, chipu zimeandikwa UMC, kampuni ya Taiwan. Alitaka elfu kumi na tano, nikampa ishirini.

Desemba, tulipopanda wote nyumbani kwa Krismasi, niliiunga kwenye TV ya mama. Mlio wa pua ukajaa sebule. Dada yangu, ambaye sasa ana mjukuu, alifuta mikono kwenye kanga, akachukua pedi ya pili, akanichapa kwenye gemu ya tangi, tatu bila. Halafu akanyoosha kiganja, anadai shilingi ishirini yake.