Mguu umeshaongezwa, mbona maumivu hayaishi? Maswali yenu na majibu

Haya jamani, nilisema tutaongea habari za kurefushwa miguu na inboksi imefurika. Kuna waliopata ajali ya boda mfupa ukaungana vibaya, kuna wazazi wa watoto waliozaliwa na mguu mmoja mfupi, na kuna hawa wa juzi juzi wanaokwenda nje kuongeza urefu. Mimi ni mtu wa fizio (tiba ya mazoezi), sio mpasuaji, kwa hiyo mambo ya nani akatwe wapi msiniulize. Twende.

*Shikamoo dokta. Mguu ulikuwa mfupi kwa sentimita 5 baada ya ajali, nikawekewa zile ringi za vyuma. Nimemaliza kuzungusha nati tangu mwezi uliopita, mguu umelingana kabisa, lakini naambiwa vyuma vikae bado na usiku nalala kwa shida. Vinakaa vya nini? (Morogoro)*

Marahaba mdogo wangu. Kwa wasiojua: mfupa unakatwa, ringi zinakaa nje ya mguu zikishika mfupa kwa pini, na ukizungusha nati vipande vinaachana kidogo kidogo mfupa mpya ujaze pengo. Huko kuzungusha nati ndo kipande kifupi cha safari, sema watu hawaambiwi vizuri. Ile spana yako namba 10, robo mzunguko mara nne kwa siku, kila robo ni robo ya milimita, kwa hiyo siku nzima umesogea milimita 1. Sentimita 5 ni siku kama 50, weka na ile wiki ya mwanzo ya kusubiri kabla ya kuanza kuvuta. Sasa hapo katikati palipovutwa hapajawa mfupa bado, ni kitu laini, kwenye eksirei unaona kama ukungu tu, na kukomaa kwake kunakula kama mara mbili ya muda uliotumia kuvuta, mtu mzima anaweza kwenda hata zaidi ya hapo. Wanachosubiri madaktari ni hiki: wanapiga picha mbili, ya mbele na ya pembeni, kila picha inaonyesha kuta mbili za mfupa, jumla nne, na wengi wanataka angalau tatu ziwe zimejenga ndo wafungue. Ukilazimisha kabla ya hapo mfupa unapinda au unavunjika palepale na unaanza upya.

Na hiyo milimita 1 sio ya kubahatisha. Gavriil Ilizarov, yule daktari wa Kurgan kule Siberia aliyeanzisha haya mambo miaka ya 1950, aliijaribu mpaka akaona kwamba ukivuta haraka mfupa haujazi pengo, na ukivuta polepole mno unajifunga kabla hujafika unapotaka.

Maumivu ya usiku sasa. Mfupa ulikatwa na unajijenga, ila misuli na mishipa ya fahamu haikukatwa, imevutwa tu ikabidi ifuate, na bado inazoea urefu mpya. Ndo maana mchana ukiwa unatembea unapata nafuu, ukilala unaanza kubanwa na vichomi. Nyoosha goti na kifundo kabla ya kulala, weka mto chini ya ile ringi ya chini ili kisigino kining'inie, na kama daktari amekuruhusu kukanyagia huo mguu basi ukanyagie kweli, maana mfupa mpya unakomaa kwa kubebeshwa uzito, wengi wanaolala miezi mitatu kwa uoga ndo hao hao wanaoniuliza mbona haukomai.

*Kwenye matundu ya pini panatoka majimaji, jirani kasema nipake majivu. (Tabora)*

Majivu hapana! Mwambie jirani asante sana. Majimaji kidogo, maangavu kama maji na yasiyo na harufu, ni kawaida, safisha vile ulivyofundishwa hospitali uliyotibiwa, kwa maji ya chumvi ya hospitali au ile dawa waliyokupa, mikono imeoshwa, kila pini na pamba yake. Yakitoka ya njano mazito, ngozi ikawa nyekundu na ya moto, maumivu ya pini moja yakazidi zingine, au homa, nenda ukaonwe siku hiyo hiyo. Hayo ni maambukizi, mara nyingi yakiwahiwa yanaisha kwa vidonge. Na pini inayocheza inauma kuliko iliyokaza, kwa hiyo usiogope kuwaambia waikague.

*Kaka naomba usitaje jina. Nilienda Uturuki kuongeza urefu, mapaja yote mawili, wakaweka nondo za ndani zile za rimoti. Mwaka umepita na goti halikunji hata kuchuchumaa chooni, mapaja yanauma, nyumbani niliwaambia nilipata ajali. (Dar)*

Jina sitaji. Ila kitu kimoja kimenikera, hao waliokuambia miezi mitatu utakuwa unacheza mpira. Hamna mfupa wa mtu mzima unaofanya hivyo.

Nondo ya ndani ina sumaku, rimoti inaizungusha ukiwa nje na inarefuka kidogo kidogo, raha yake ni kwamba huna matundu ya pini. Lakini nyama ya paja haijui kama chuma kiko ndani au nje, imevutwa vilevile, na ukirefusha paja anayelipa ni goti. Kwa hiyo anza na eksirei, tujue mfupa umekomaa au kuna upande bado haujajenga, kwa sababu kama haujajenga maumivu ni ya hapo na mazoezi ya nguvu yatakuharibia. Kama umekomaa, ni kukunja goti kila siku na mtu wa fizio akiwepo, sio mara moja kwa wiki, tena miezi sio siku. Likigoma kabisa kuna upasuaji wa kulegeza misuli.

Maumivu ya karibu na nyonga, pale walipoingizia nondo, au kwenye skrubu, mara nyingi yanapungua nondo ikitolewa, na zimewekwa kwa mpango wa kutolewa mfupa ukishakomaa. Tafuta makaratasi yako ya upasuaji ujue ni nondo ya aina gani, kuna aina moja ya chuma cha pua ambayo mtengenezaji aliiondoa sokoni 2021 kwa wasiwasi wa kutu ndani ya mfupa. Na siku ukiambiwa MRI, ile mashine ya picha yenye sumaku kubwa, waambie una nondo ya sumaku KABLA hujaingia chumbani. Daktari wako hapa naye mwambie ukweli, nyumbani utajua mwenyewe.

*Nipo wiki ya nne ya kuvuta, juu ya mguu pana ganzi na kidole gumba hakinyanyuki. Ni kawaida? (Nakuru)*

Sio kawaida, usisubiri kliniki ya wiki ijayo, wapigie sasa hivi. Mshipa wa fahamu umebanwa au umevutwa kupita uwezo wake, na wakiwahi kupunguza kasi au kusimamisha kuvuta mara nyingi unarudi. Ukichelewa, mshipa ulioumia unaota polepole sana, nao ni kama milimita 1 kwa siku, sasa pima mwenyewe kutoka chini ya goti mpaka kidoleni.

*Natumia diklofenaki kila siku maana paracetamol haifanyi kitu. Halafu supu ya makongoro inasaidia? (Moshi)*

Diklofenaki na ndugu zake zinaweza kuchelewesha mfupa kujenga, wapasuaji wengi hawataki zitumike muda mrefu kipindi hiki, na tumbo na figo nazo hazikushukuru. Kama maumivu yako ni ya kuchoma, umeme umeme, hayo ni ya mishipa ya fahamu na yana dawa zake kama gabapentini au amitriptilini, za kuandikiwa, usinunue tu duka la dawa. Supu kunywa, ni tamu, ila ongeza mayai, maharage, dagaa na maziwa. Sigara na shisha ndo acha, hilo silegezi.

*Mwanangu wa miaka 9 ana vyuma kwenye ugoko, ameanza kukanyagia vidole tu. (Mama, Tanga)*

Mama, kano ya kisigino imekaza. Ukiachia anaweza kubaki hivyo hata vyuma vikitoka. Goti limenyooka, shika kisigino, vuta unyayo uje kwako na khanga au mpira, hesabu mpaka 30, rudia mara kadhaa asubuhi, mchana na jioni, hata akilia kidogo. Na waombe hospitali wamtengenezee kile kibao cha kushikilia unyayo usiku.

*Vyuma vimetoka jana! Naweza kuendesha boda? (Mwanza)*

Hongera, na hapana. Wiki za mwanzo baada ya vyuma kutoka ndo mfupa mpya unavunjika kirahisi, tumia magongo mpaka wakuambie, na lile shavu la mguu likivimba ghafla au ukikosa pumzi usiku, hiyo ni kukimbilia hospitali, inaweza kuwa damu imeganda.