Muulize anamwogopa nani

Miaka ile nilipokuwa balozi wa nyumba kumi huku Nkuhungu, Dodoma, alinijia jioni fundi seremala mmoja, mkono kaufunga kitenge. Alipokifungua nikaona malengelenge kuanzia kiwiko mpaka kiganjani. Mkewe kammwagia maji ya ugali. Nikacheka. Kidogo tu, lakini alikiona. "Basi, mama balozi, nilikuwa napita tu." Hakurudi.

Mwezi huohuo akaja dada muuza mboga wa soko la Sabasaba, naye kwa shida ya mumewe. Yeye sikumcheka, nilimwambia avumilie. Wote wawili niliwafungia mlango, makomeo tu ndiyo tofauti.

Ukiletewa kesi ya namna hii usikimbilie "nani kaanza?" Hata wataalamu walishikana mashati hapo. Dodoso la Mmarekani Murray Straus, la 1979, huhesabu vibao na misukumo, na mara nyingi wake na waume hukaribiana. Mwaka 1995 Michael Johnson, Mmarekani mwenzake, akasema tunachanganya mambo mawili. Kuna ugomvi unaochemka hadi mikono ikarushwa, na huo ni wa wote. Kuna na mtu kumtawala mwenzake: hela anashika yeye, simu anapekua yeye, ndugu wa kuja nyumbani anachagua yeye. Hapo mtawala mara nyingi ni mwanaume. Na Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2017, katika kila watu 100 duniani waliouawa na wenza wao, 82 walikuwa wanawake.

Kwa hiyo waulize kila mmoja peke yake, kamwe si kwenye benchi moja: unamwogopa? Ukichelewa sokoni inakuwaje? Yule dada nilishamwona mara kadhaa akirudi mbiombio, beseni kichwani, halafu anasimama nje ya geti anasikiliza kwanza mume kaamkaje. Niliyaona hayo, na bado nikamwambia avumilie!

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakichagui mume wala mke: hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake, mila iseme isemavyo. Aliyeumia mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto polisi, apewe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, siku hiyohiyo, kabla alama hazijafifia. Akiwa hoi, hospitali kwanza. Na kama ni mwanaume, msindikize wewe mwenyewe, maana njiani atageuza.

Fundi bado yupo. Oktoba iliyopita nilimpelekea stuli yenye mguu mbovu. Jua la Dodoma linachoma, yeye kavaa shati la mikono mirefu, vifungo vyote kafunga. Nikamwomba radhi. Akaitikia "mm", akaendelea kupiga randa.