Nikiingia kwenye mkutano si nitaonekana?

SWALI: Assalam aleikum Mwalimu. Mimi ni fundi wa mashua hapa Kilifi, nina miaka 41, mke na watoto watatu. Nanywa mnazi kila siku, na ukikosekana nanunua chupa ndogo za dukani. Asubuhi mikono hunitetemeka mpaka nizimue ndipo niweze kushika randa. Nyumbani wanajua ila wamenyamaza. Msikitini nadhani hawajui. Rafiki yangu kaniambia kuna mikutano ya AA ya watu wanaoacha pombe, lakini aliouona yeye ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi ni Muislamu. Nikionekana naingia pale, nitasema nini? Na ni kweli mtu husimamishwa mbele za watu aungame? – Fundi, Kilifi

JIBU: Wa aleikum salaam, mdogo wangu. Nianze na hiyo mikono, maana umeitaja ukaipita haraka.

Tafadhali usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku hushtuka inapokatwa. Katika siku mbili za mwanzo mtu aweza kuanguka kifafa, na kati ya siku ya pili na ya nne akili yaweza kuvurugika akaona visivyokuwepo. Wapo wanaofia hapo. Mimi mwaka 2009 niliapa Ijumaa kwamba basi, na Jumapili nikaanguka ukweni, mkekani, chakula kikiwa kimeshapakuliwa. Tukadhani nimerogwa. Miezi mizima tulihangaika kwa waganga, kumbe ni pombe iliyokatika. Kwa hiyo kwanza nenda hospitali ya kaunti, useme unakunywa kiasi gani kwa siku, bila kupunguza hata kata moja. Zipo dawa za kukuvusha siku hizo.

Sasa mkutano. Ukumbi ni wa kanisa kwa sababu kanisa lina ukumbi na viti, basi. AA haifungamani na dini, chama wala serikali, na sharti la kujiunga ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa. Hatua zake 12 zinamtaja Mungu, ila kwa namna kila mmoja anavyomfahamu. Katika kikundi changu yupo Muislamu mmoja, mtu mzima kuniliko. Magharibi ikiingia huenda nyuma ya ukumbi akaswali, kisha hurudi kitini pake. Sitakuficha, huwa tunafunga kwa sala tukishikana mikono, na mara nyingine inasaliwa Kikristo. Wewe nyamaza tu, hakuna atakayekuuliza.

Kuungama hakuna. Unakaa, unasikiliza, na zamu ikikufikia unaweza kusema, “Leo nasikiliza tu.” Mimi nilikaa karibu na mlango wiki tatu bila kutoa neno. Wiki ya nne mama mmoja alisimulia alivyokuwa akificha chupa ndani ya pipa la unga. Mimi zangu nilificha ndani ya kabati la vitabu vya shule. Siku hiyo nilisema jina langu.

Kuhusu kuonekana: Kilifi ni mji mdogo, kweli. Basi usianzie karibu. Panda matatu uje Mombasa, ni kilomita 60 hivi, uanzie mahali usipojulikana. Utakaowakuta ndani wameletwa na shida hiyo hiyo yako, na yanayosemwa mle hubaki mle. Mwenye duka mkabala na mangwe, hapo unapokunywa mnazi, anajua saa unayopita kila siku, na bado umepita.

Kuupata mkutano, piga 1192, namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni bure. Waulize pia kliniki ya afya ya akili pale hospitalini, au tafuta orodha ya AA kwenye intaneti. Ukipewa siku na saa, hakikisha tena kabla ya kusafiri. Mimi safari yangu ya kwanza nilifika Jumanne nikakuta kwaya inafanya mazoezi. Mkutano ulikuwa umehamishiwa Alhamisi. Nilikunywa njia nzima ya kurudi, na ilinichukua miezi minne kujaribu tena. Uliza kama ni mkutano wa wazi, ambao yeyote huingia, au ni wa wenye nia ya kuacha tu. Yote miwili inakufaa.

AA yenyewe ilianza kwa simu. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wake, alikuwa hotelini, biashara imemharibikia, na baa iko hatua chache tu. Akaenda kwenye simu akapigia makanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari mmoja, Bob Smith, naye akawa mwenzake.

Kikapu kitapita mwishoni. Ukiwa na shilingi 50 weka, ukiwa huna kipitishe. Chukua namba za simu za watu wawili watatu kabla hujaondoka, maana jioni utakapotamani mangwe hakutakuwa na mkutano, ila utakuwa na simu mkononi.

Na mkeo asibaki na kimya chake. Al-Anon ni mikutano ya jamaa za walevi. Ulizia na hiyo unapopiga simu. Mke wangu alitangulia kwenda kabla yangu, miezi sita, bila kuniambia.