Semina ya jenomu Moshi: nilipie?

Dada muuguzi, nimekuelewa: semina ya siku mbili ya tiba ya jenomu (tiba inayotumia taarifa za vinasaba vya mgonjwa), ada kubwa, na hospitali yenu ya serikali haina hata kipimo cha DNA. Usilipe kwanza. Anza na kozi za bure mtandaoni za NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Hapo utaumia bando tu. Ulizia pia mihadhara pale KCMC, hospitali ya rufaa hapo Moshi. Waandaaji wakuoneshe kibali cha pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma) kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wakibabaika, achana nao.

Kazia selimundu. Wazazi wote wawili wakiwa AS (wamebeba kinasaba kimoja cha selimundu), kila mimba ina uwezekano wa 25% wa kupata mtoto SS (mwenye ugonjwa wenyewe), hata kama wa kwanza ni mzima. Hilo ndilo kina mama watakuuliza kliniki. Ila cheti cha semina hakikupi ruhusa ya kumtafsiria mgonjwa majibu ya vinasaba. Mpe rufaa kwa daktari bingwa.