Swali la Lugha: "Usichanganye Dawa"

Msomaji wetu wa Bahati, Nakuru, anauliza: "Dada yangu alijifungua kwa upasuaji, akatiwa mofini, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, kwa sindano ya mgongo. Wodini muuguzi alimwonya, 'Usichanganye dawa.' Je, ni sahihi kusema kuchanganya ilhali kila dawa hutumiwa kwa wakati wake?"

Kisarufi ni sahihi. Kitenzi hiki kimetokana na changa, kilichotupa pia mchango, na hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kumtupia mgonjwa maneno haya mawili kana kwamba yanajieleza. Anayesikia kuchanganya huona vitu viwili vikitiwa mahali pamoja kwa wakati mmoja, kama mahindi na maharagwe katika sufuria ya githeri. Aliyekula maharagwe asubuhi na mahindi jioni hakuchanganya kitu, na dada yako naye atahesabu vivyo hivyo: ya mgongoni alitiwa asubuhi, anayoiomba jioni ni nyingine, basi onyo amelitii. Tena, kwa kuwa kuchanganya ni pia kushindwa kutofautisha, mwingine ataelewa tu kwamba asitwae chupa isiyo yake.

Mwili hauhesabu hivyo. Mofini iliyotiwa kwa njia ya epidurali, yaani kwa sindano ya mgongo inayoishia nje kidogo ya utando wa uti wa mgongo, huweza kutuliza maumivu kwa muda wa hadi saa 24, kwa kuwa hukawia katika maji ya uti wa mgongo. Na maji hayo yanaweza kuipandisha hadi kwenye ubongo, ikadhoofisha upumuaji saa nyingi baada ya sindano. Akidungwa jioni hiyo pentazosini au nalbufini, ambazo nazo ni dawa za maumivu, mambo huharibika kwa njia zaidi ya moja, maana dawa hizi huamsha baadhi ya vipokezi vya afyuni, yaani sehemu za mwili ambazo mofini hushika ili ifanye kazi, na kuvizuia vingine. Zaweza kutangua kazi ya mofini na kuyarudisha maumivu, au zikamzidishia mgonjwa usingizi na kulemea pumzi yake. Aliyezoea dawa za jamii ya afyuni kwa muda mrefu anaweza hata kushikwa na arosto, yaani mateso ya mwili ulionyimwa dawa uliyoizoea. Madaktari wa nusukaputi wenyewe hutumia nalbufini kidogo kupunguza mwasho unaoletwa na mofini ya mgongoni, lakini hufanya hivyo kwa kipimo na huku wakimwangalia mgonjwa.

Kwa hiyo sentensi ninayoitaka wodini ni hii: "Dawa ya mgongoni itaendelea kufanya kazi mpaka kesho saa kama hizi. Kwa hiyo, kabla ya kumeza au kudungwa dawa nyingine yoyote ya maumivu, mwambie anayekuhudumia kwamba ulitiwa ya mgongo." Ni ndefu, lakini mama anayeisikia hahitaji kubahatisha.

Katika kuitumia sentensi hiyo, tuache pia kusema "dawa imeisha" pindi miguu inapoanza kusogea. Kilichoisha hapo ni ganzi. Mofini ingali mwilini.