Jibu: Kwa nini milima ya mbali inaonekana kusogea mbele?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Milima ya Uluguru uliyoichora kwa rangi za mafuta inaonekana kana kwamba imesimama palepale penye mikonge ya mbele. Nadhani tatizo ni kijani: umepaka kijani kilekile kizito kila mahali kwa sababu unajua kuwa mlima una misitu, ilhali jicho halioni hivyo. Kati yako na mlima kuna hewa yenye unyevu na vumbi, nayo hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu, ndiyo maana safu za mbali hupauka na kuelekea buluu, na vivuli vyake ndivyo hufifia zaidi.

Anza na anga, kisha safu ya nyuma kabisa: nyeupe nyingi, buluu kidogo, na chembe ya rangi ya udongo ili buluu isiwe kali mno. Kila safu inayokusogelea uipunguzie nyeupe na kuiongezea kijani. Kingo za nyuma zipitishie brashi kavu rangi ikiwa bado mbichi; kingo kali ziachie mikonge. Asubuhi baada ya mvua, hewa ikiwa imeoshwa, mlima huonekana karibu mno, na saa hizo mimi huwa sichori.