Saitesheni ziro? Majibu kwa kijana wa kemia

Juzi kijana mmoja anayesoma masters ya kemia kaniletea meseji: "Dokta shikamoo, peipa yangu ina miaka miwili na saitesheni bado ni ziro, nifanye nini?" Marahaba mwanangu. Kwa asiyejua, peipa ni makala ya utafiti, na saitesheni ni mara ngapi watafiti wengine wameitaja katika peipa zao. Nilianza kumjibu kwa simu nikaona maneno yanazidi, bora niandike hapa, maana nyote mnaonisoma mna hamu hiyohiyo ya kuiona ile namba ya saitesheni kwenye Google Scholar ikipanda, msijitie hamna.

Kazi yangu ni kemia ya organometali, yaani kampaundi ambazo kaboni imeshikana moja kwa moja na metali. Sasa ifanye kazi hiyo Mombasa uone. Butililithi, kampaundi ya lithi tunayoitumia sana, ikionja unyevu tu imekwisha, na ile ya tert-butili ikiguswa na hewa inawaka moto, halafu hapa kwetu Machi fukuto lake mwalijua, hewa yenyewe ni supu. Mtungi wa agoni, gesi ya kuizuia hewa isiguse kampaundi, unaungoja mpaka unasahau ulitaka kufanya nini, stima nayo yapotea riakisheni ikiwa katikati. Bwana mmoja mkubwa wa ng'ambo aliwahi kuniambia mkutanoni, huku anacheka, ati kemia hii si ya watu wa baharini. Sijamsahau.

Basi nikaacha kushindana na hewa, nikaingia kwa ferosini. Ni unga wa rangi ya machungwa, atomu moja ya chuma imebanwa katikati ya pete mbili za kaboni tanotano, na ukiuacha mezani haujali. Kealy na Pauson waliutangaza 1951, umbo lake likaeleweka 1952, na 1973 Wilkinson na Fischer wakachukua Nobel kwa kampaundi za aina hiyo. Miaka ya 90 Wafaransa kule Lille wakaichomeka ferosini ndani ya klorokwini, ile dawa ya zamani ya malaria, wakapata ferokwini ya kupambana na vimelea sugu vya malaria. Mimi mtoto wa Pwani, malaria sikuisomea kitabuni, kwa hivyo hapo nikajua nimefika kwangu.

Sasa mtaniuliza peipa yangu gani inatajwa sana. Si ile niliyojivunia! Ni ile fupi inayoeleza jinsi ya kutengeneza ligandi, yaani molekuli inayoishika metali, kwenye maabara isiyo na vifaa vya maana, nimeandika kila kitu, gramu ngapi zilitoka, ukiona rangi imekuwa kahawia mwaga uanze tena, spektra zote, yaani michoro ya vipimo inayoonyesha umepata kampaundi gani, nimeziweka. Watu wanaitumia, ndio maana wanaitaja. Hata Suzuki na Miyaura, wakemia wa Japani, riakisheni yao ya 1979 ya kuunganisha kaboni na kaboni kwa paladiamu na boroni inatajwa maelfu kwa maelfu kwa sababu inafanya kazi, hata maji yakiwemo, na watengeneza dawa duniani wanaihitaji. Andika kitu mtu mwengine ataamka asubuhi akifanye.

Halafu jina. Sisi wa Pwani tuna jina letu, la baba na la babu, jarida hili linakata hivi na lile linakata vile, mwisho wewe ni watu watatu na saitesheni zako zimegawanywa kama urithi. Fungua ORCID leo, ile namba ya mtandaoni ya kumtambulisha mtafiti, bure, na uandike jina namna moja maisha yako yote.

Na hili naomba mnisikize vizuri. Usitume sampuli nje kabla hamjakubaliana kwa maandishi nani ataitwa mwandishi. Mimi nilitengeneza kampaundi kwa mikono yangu, nikazituma kwa kikundi fulani ng'ambo wakazipime, peipa ikatoka, jina langu nikalikuta mwishoni kwenye shukrani. Shukrani haina saitesheni, jamani! Peipa hiyo inatajwa mpaka leo na kila nikiiona moyo unanichoma.

Ile h-index nayo, kipimo cha saitesheni za mtafiti, mwanafizikia Hirsch aliileta 2005, ukiwa na 10 maana yake peipa zako 10 kila moja imetajwa mara 10 au zaidi, basi. Haisemi nani alishika chupa. Richard Heck, mkemia Mmarekani wa riakisheni za paladiamu, mwaka 1968 alitoa peipa saba mfululizo peke yake, Nobel ikamfikia 2010 akiwa mstaafu, anaishi Ufilipino. Nyinyi miaka miwili mnalia, wengine mnapatana mtajane, wewe nitaje nikutaje, mnadhani hatuoni.

Kijana, ukishafungua ORCID nitumie ile peipa pamoja na spektra zake za NMR, kile kipimo cha kuonyesha umbo la molekuli, na uniambie ukweli gramu ngapi zilitoka.